Paa la Butembo, Paa la Beni

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Butembo imekaa juu ya vilima, karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta inapita kusini kidogo ya mji. Beni iko chini yake kwa mita 600 hivi, pembeni mwa msitu mkubwa, upande wa bonde la Semuliki na theluji za Ruwenzori. Abiria wa pikipiki huondoka Butembo alfajiri amefunga koti hadi shingoni, na kabla ya kufika Beni ameshalivua. Huku juu usiku unadai blanketi nzito. Kule chini shuka moja inatosha, na mara nyingine hata hiyo inazidi.

Hali mbili za hewa, basi, na mtu angetazamia nyumba za aina mbili. Lakini panda kilima chochote utazame: miji yote miwili imefunikwa na paa lilelile, bati jembamba la mawimbi, jipya linalong'aa au kuukuu lililoshika kutu, na katika nyumba nyingi hakuna kitu kingine kati ya bati hilo na kichwa cha aliyelala. Paa hilo lilikujaje, na lilipokuja liliondoa nini? Jibu ni refu kidogo, na linaanza kabla ya bati lenyewe.

Wayira, ambao wengi huwaita Wanande, walijenga kwa kile ambacho kilima kilitoa. Miti ilisimamishwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba za magome, udongo ukakandikwa mpaka ukuta ukaziba. Juu yake likaja paa la nyasi au la majani ya migomba, limelazwa tabaka juu ya tabaka hadi kufikia unene wa mkono mzima au zaidi. Moto ulikaa ndani, katikati ya mafiga matatu. Moshi haukuwa na bomba la kutokea. Ulipanda, ukazunguka chini ya paa, ukapenya polepole kwenye nyasi. Ulikausha nyasi hizo, ukafukuza wadudu, ukahifadhi mahindi yaliyoning'inizwa juu. Ulichoma pia macho na mapafu ya akina mama na watoto, na hilo lisemwe wazi, kwa sababu mtu anayeisifu nyumba ya zamani bila kuutaja moshi wake hajawahi kulala ndani yake.

Ubora wa paa lile ulikuwa katika hewa. Ndani ya rundo la nyasi kavu kuna maelfu ya vijinafasi, na hewa iliyonaswa humo haina njia ya kusogea. Joto hupita kwa shida sana katika hewa iliyotulia. Ndiyo kanuni ya vihami joto vyote duniani, kuanzia manyoya ya ndege hadi pamba ya kioo inayojazwa katika kuta za Ulaya. Mchana jua lilipiga nyasi za juu na nyasi za chini zikabaki na ubaridi wake. Usiku joto la mafiga lilikaa ndani mpaka karibu na asubuhi. Hivyo paa moja lilifaa Butembo penye baridi na Beni penye joto.

Kasoro zake zilijulikana na kila mwenye nyumba. Lilioza, likahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, lilifuga panya, na cheche moja siku ya upepo iliweza kumaliza kijiji.

Wageni walikuja na ujenzi mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyokuwa ikitafuta dhahabu Kivu, iliweka makao Butembo, na mji ukaanza kukua kuizunguka. Mwaka 1929 mapadre Waasumpsionisti walifika katika nchi ya Beni. Wamisionari na wachimba dhahabu walihitaji majengo ya kudumu, wakachoma matofali. Nyumba za Wazungu wa nyanda za juu zilikuwa na barza pana ya kuzuia jua na mvua, dari ya mbao, na matundu ya hewa chini ya kipembe cha paa ili joto la bati litoke kabla halijashuka vyumbani. Huko juu kwenye baridi, nyumba nyingine ziliwekewa meko yenye bomba la moshi sebuleni. Waliozijenga walilijua tatizo la bati, wakalitibu. Lakini tiba hiyo ilibaki katika nyumba za wachache. Mfanyakazi aliyepewa chumba, na baadaye mkazi aliyejijengea mwenyewe, alipata bati bila dari.

Bati lenyewe lilikuwa limesafiri mbali. Henry Robinson Palmer alisajili uvumbuzi wa bati la mawimbi London mwaka 1829. Mawimbi yalilipa karatasi nyembamba ya chuma nguvu ya kubeba uzito wake bila mbao nyingi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alisajili njia ya kukipaka chuma zinki kisishike kutu. Baada ya hapo bati lilifuata meli na reli kila mahali ambapo watu walitaka kujenga upesi. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwa Victoria mwaka 1901, na mwaka 1956 tawi lake likafika Kasese, chini ya Ruwenzori upande wa Uganda. Kutoka hapo, kwa lori kupitia mpaka wa Kasindi, Beni haiko mbali.

Wafanyabiashara wa Butembo waliijua njia hiyo vizuri. Kahawa na dhahabu zilikwenda mashariki. Nguo, pikipiki, saruji na bati zikarudi. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 jina la wafanyabiashara hao lilivuma Afrika Mashariki yote, na baadaye wakafika Dubai na Guangzhou kununua wenyewe. Serikali ilikuwa mbali, barabara zilikuwa mbovu, lakini mji ulijengwa. Familia iliyopata fedha kidogo ilianza na manjanja, kama bati linavyoitwa Kivu. Kuta za miti na udongo zilibaki vilevile kwa miaka. Nenda leo katika mitaa ya pembeni ya Butembo utaona jambo hilo: ukuta wa babu, paa la mjukuu.

Siwalaumu hata kidogo. Vilima vilikuwa vimelimwa hadi kileleni na nyasi ndefu za kuezekea zilizidi kuwa adimu. Bati haliungui, haliozi upesi, na linamwaga maji safi katika pipa la mama anayechota mbali. Kila sababu ya kulinunua ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba paa la nyasi lilifanya kazi mbili, kuzuia mvua na kuzuia joto lisipite, na bati liliichukua ya kwanza tu. Ile ya pili ilibaki bila mwenyewe.

Hapa Ikweta jambo hili lina uzito kuliko kwingineko. Jua la saa sita mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima. Kuta hupata miale ya mshazari asubuhi na jioni, lakini paa hupigwa moja kwa moja katika saa kali zaidi. Bati la nyumbani halifiki hata milimita moja kwa unene. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko nyasi kavu. Kwa hiyo Beni, alasiri isiyo na mawingu, bati lenye kutu huwa moto kiasi cha kuunguza kiganja, na upande wake wa chini hutupa joto hilo juu ya kitanda, meza na mtoto. Butembo kisa hugeuka. Usiku wa anga safi bati hupoteza joto lake kuelekea angani haraka sana, hadi kuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Pumzi za waliolala hupanda, zikigusa bati zikawa maji, na alfajiri matone yanadondoka juu ya blanketi.

Anayelala chini ya paa la namna hiyo hutafuta joto penginepo. Watu wengi wa Butembo hawana chombo chochote cha kupasha nyumba joto. Wanavaa sweta, wanalala pamoja. Lakini babula, yaani jiko la mkaa, lililopikiwa jioni huingizwa chumbani ili makaa yaliyobaki yatoe joto, na mlango hufungwa. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo humzidi nguvu aliyelala bila kumwamsha. Hatari hiyo inajulikana katika nyanda zote za baridi za Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu hiyo peke yake ingetosha kuifanya dari kuwa jambo la afya kabla haijawa jambo la starehe.

Nishati kubwa zaidi ya nyumba ya Butembo, hata hivyo, huliwa kabla mtu hajahamia. Huliwa katika tanuru la matofali. Udongo hugeuka tofali la kudumu ukifikia nyuzi kati ya 800 na 1,000, na joto hilo linatoka katika kuni. Matofali mabichi hupangwa kuwa mnara wenye mashimo chini, magogo yakaingizwa humo, moto ukalishwa mchana na usiku kwa siku kadhaa. Mikaratusi unayoiona imefunika migongo ya vilima kuzunguka mji ndiyo chakula cha moto huo, pamoja na kuwa nguzo, mbao na mkaa. Bila mashamba hayo ya watu binafsi mzigo wote ungeangukia msitu wa asili upande wa Beni, ambao tayari unakatwa mbao zinazovuka Kasindi kwenda Uganda na Kenya.

Mtazame sasa fundi wa tanuru. Kabla ya kuwasha anachukua udongo wa maji na kulipaka tanuru zima kwa nje, akiziba kila mwanya. Ukimwuliza sababu atakueleza bila kusita: joto likitoka, kuni zinaisha na matofali ya pembeni yanabaki mabichi. Anaijua kazi ya kihami joto kuliko wengi waliosoma habari zake vitabuni. Kisha matofali hayohayo yanakwenda kujenga nyumba ambayo juu yake imeachwa uchi.

Ujuzi huo uko pia katika mashamba ya Beni. Kakao ikivunwa, mbegu na utelezi wake hukusanywa katika masanduku ya mbao au marundo, zikafunikwa kwa majani ya migomba. Zinachacha kwa siku tano au sita, na uchachu wenyewe unazalisha joto linalofikia nyuzi 45 na zaidi. Joto hilo likikimbia, mbegu hazichachi sawasawa na ladha ya chokoleti haipatikani. Mkulima huongeza majani usiku wa baridi. Majani hayo ni yaleyale yaliyowahi kuezeka nyumba ya nyanya yake.

Katika historia hii kuna tetemeko. Tarehe 20 Machi 1966 ardhi ilitikisika kwa nguvu pande zote mbili za Ruwenzori. Toro na Bwamba upande wa Uganda, Beni na Mutwanga upande wa Kongo. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu ya nyumba yakabomoka. Nalitaja kwa sababu watu wakizungumzia kuzuia joto, wengi hufikiria mara moja kuta nene. Ukuta mnene wa udongo au tofali husaidia kweli: hunywa joto la mchana polepole na kulirudisha usiku. Lakini katika Bonde hili la Ufa, penye matetemeko, ukuta mzito usiofungwa kwa mkanda wa zege huua. Wepesi una thamani yake hapa, na dari nyepesi ya mkeka haimwangukii mtu na kumponda.

Somo kali zaidi la kutunza joto na baridi lilifika pamoja na msiba. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, kitovu chake kikiwa Mangina, magharibi ya Beni. Mlipuko ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa, na Butembo, Katwa na Beni zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa sana. Chanjo ilikuwapo. Lakini chanjo hiyo ilipaswa kutunzwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika eneo ambalo umeme wa uhakika ulikuwa wa wachache.

Majokofu makubwa yaliendeshwa kwa jenereta mijini. Kwenda vijijini kulitumika chombo kiitwacho Arktek, pipa lenye kuta mbili ambazo katikati yake hewa imenyonywa na tabaka za karatasi zinazorudisha joto zimepangwa. Kanuni yake ni ya chupa ya chai ambayo James Dewar aliibuni mwaka 1892. Pipa hilo halina waya wala injini. Likijazwa barafu maalumu linatunza baridi hiyo kali kwa siku tano hivi, huku nje jua la Ikweta likiwaka. Pikipiki zililipeleka pale ambapo gari halifiki, na kabla ya mlipuko kuisha zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa. Njiani chanjo ile ilihifadhiwa kwa ukuta, na umeme ukahitajika mwanzoni tu, wa kugandisha barafu. Sijui mfano mwingine wowote, mahali popote, unaoonyesha wazi kiasi hicho kwamba kuzuia joto lisipite ni namna ya kuzalisha nishati.

Upande wa wagonjwa kulikuwa na mateso mengine ya joto. Muuguzi ndani ya vazi la kujikinga hawezi kuvumilia muda mrefu. Baada ya saa moja hivi lazima atoke, jasho likiwa limejaa kwenye viatu. Mwaka 2018 shirika la tiba la ALIMA lilileta Beni vyumba vya plastiki angavu vyenye kiyoyozi, ambamo mgonjwa alitazamwa na ndugu zake na kuhudumiwa kupitia mikono ya mpira iliyounganishwa na ukuta. Joto lilikuwa limeingia katika hesabu ya uhai.

Siku hizi umeme unakuja, polepole. Kwa miongo mingi Butembo iliwaka kwa jenereta za watu binafsi na mitambo midogo. Mwaka 2013 kituo cha maji cha Mutwanga kilianza kufanya kazi chini ya Ruwenzori, kwa mpango wa hifadhi ya Virunga, na baadaye kampuni ya Énergie du Nord-Kivu ikaanza kuvuta nyaya mitaani Butembo na Beni. Umeme huo ni ghali na hautoshi. Wakati huohuo kando ya barabara kuu ya Butembo yamepanda maghorofa ya zege, saruji nyingi ikitoka kiwanda cha Hima karibu na Kasese, yenye nyuso za vioo na alumini kutoka China. Kioo huruhusu jua kuingia na huzuia joto lisitoke. Butembo baridi inalificha kosa hilo. Jengo kama hilo Beni litaomba kiyoyozi tangu siku ya kwanza, na kila kiyoyozi kitanyang'anya taa za nyumba kadhaa.

Ulaya ilijifunza kwa kuumia. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, nchi baada ya nchi zikaandika sheria za unene wa kihami joto katika kuta na mapaa, maana gharama ilionekana katika hati ya malipo ya kila mwezi. Kihami kimoja kinachotumika sana huko ni pamba ya mawe, ambayo kampuni ya Rockwool ilianza kuitengeneza Hedehusene, Denmark, mwaka 1937, kwa kuyeyusha mawe ya volkeno na kuyasokota kuwa nyuzi. Katika mkoa huuhuu wa Kivu Kaskazini, volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira hurusha nyuzi kama hizo zenyewe, zikaanguka juu ya mashamba na matangi ya maji ya watu wa Goma. Malighafi tunayo chini ya miguu. Kiwanda hatuna, na sioni haja ya kukisubiri.

Kilichopo kinatosha kuanzia. Mafundi wa Butembo na Beni wanajua kupiga plafon, yaani dari, ya triplex kwa mwenye fedha, na ya mikeka ya matete au mianzi iliyopasuliwa kwa asiye nazo. Mkeka mmoja, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati na matundu kwenye vipembe viwili vya paa, unakata sehemu kubwa ya joto la alasiri. Beni matundu yawe wazi daima. Butembo yawe madogo na mkeka uwe mzito zaidi, hata wa tabaka mbili. Unga wa mbao unaorundikana kando ya misumeno ungeweza kulazwa juu ya dari hiyo, lakini mchwa na moto vinanitia hofu, na bila kuchanganywa na chokaa au udongo nisingeushauri. Kwa kuta, ng'ambo ya mpaka, Uganda, Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alionyesha kwamba tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, likiwa na saruji kidogo na meno ya kushikana, linajenga shule na matangi bila kuchoma hata gogo moja. Mashine za namna hiyo zingeipumzisha mikaratusi.

Kinachokwamisha ni mpangilio wa matumizi. Mtu anajenga kwa miaka, akipata anaongeza. Bati likishapigwa familia inahamia, maana kodi ya kwingine inauma, na dari inaandikwa mwisho kabisa wa orodha. Mwenye nyumba ya kupangisha hana hata sababu ya kuiandika: anayelala chini ya bati ni mpangaji. Na tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, maelfu wamekimbilia Oicha, Beni na Butembo, wakaishi chumba kimoja watu kumi au chini ya turubai. Kuwazungumzia hao habari ya dari kabla ya usalama ni kuwadhihaki. Lakini wanaporudi kujenga, au mashirika yanapowajengea, bati tupu linapigwa tena, na nafasi inapotea kwa miaka 20 mingine.

Mimi ningeanza na shule. Darasa lina watoto 50 au zaidi chini ya bati moja. Mvua ikinyesha kwa nguvu mwalimu ananyamaza, kwa kuwa hasikiki, na mvua za huku ni nyingi. Jua likiwaka, saa saba mchana, nusu ya darasa inasinzia. Mkeka chini ya bati unazuia kelele na joto kwa pamoja. Shule za Kikatoliki na za Kiprotestanti katika miji hii miwili zina kamati za wazazi ambazo tayari zinachangisha fedha za madawati, na wazazi wengi wana matete mabondeni na mikono inayojua kusuka. Kazi ya Jumamosi mbili ingemaliza darasa moja.